Sikukuu ikiangukia msimu wa kazi

Katikati ya Desemba, mtu akisimama Mazinde kando ya barabara kuu itokayo Segera kwenda Same, atahesabu mabasi hadi achoke. Yanapita yamejaa, yanakwenda Moshi na Arusha. Watu wa Kilimanjaro wanarudi kwao "kuhesabiwa", kama utani wa Watanzania unavyosema, na wengi wao hawajui hata kwamba wamepita Mazinde. Kulia kuna ukuta wa milima ya Usambara, kushoto tambarare na mkonge, na haupiti muda basi limeshaingia wilaya ya Same.

Wanaobaki Mazinde nao wana Krismasi yao. Kwa wanandoa vijana wa hapa, Krismasi hiyo ina ugumu ambao mahubiri ya Majilio hayaugusi sana: sikukuu inakuja wakati uleule ambao kazi ndiyo inalipa.

Chukua mfano wa mume na mke walio katika mwaka wa tatu wa ndoa, wenye mtoto mmoja wa miezi minane. Mume ni dereva wa bodaboda. Pikipiki bado si yake, ni ya mkataba: kila siku anampelekea mwenye chombo hela yake, tuseme elfu kumi, mpaka deni liishe na kadi ibadilishwe jina. Mke ni fundi cherehani. Ana cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, ipo barazani, na pembeni yake mkeka ambao mtoto hulazwa mchana. Mume kwao ni Handeni, upande wa Kideleko, nyumba ya Waanglikana tangu enzi za wamisionari wa UMCA. Mke kwao ni Bumbuli, huko juu milimani, Mlutheri wa kuzaliwa. Walikutana hapa bondeni, na hilo si ajabu. Mkonge ulileta watu Mazinde kutoka kila pembe ya Tanganyika, na reli ya kutoka Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikaleta wengine.

Majina hayana haja. Wanandoa wa namna hii ni wengi, na kila msomaji wa bonde hili anaweza kuwataja wa mtaani kwake. (Wasomaji wa mbali nao wasichanganye: Mazinde inayosemwa hapa ni ya chini, ya barabarani, wilaya ya Korogwe. Ile yenye shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ni Mazinde Juu, ipo Lushoto, na hali yake ya hewa ni nyingine kabisa.)

Siku zao za kawaida zinafanana. Saa kumi na moja alfajiri mume ameshawasha pikipiki kuwahi abiria wa kwanza wa kwenda Mombo. Mke anabaki na uji wa mtoto, kuni na maji, kisha cherehani. Saa mbili usiku mume anarudi na vumbi hadi kwenye kope. Wanakula, wanahesabu hela, wanasali. Sala yenyewe haina urefu wa kwenye mimbari. Mmoja anaomba, mwingine ameshaanza kusinzia, na mara nyingine "amina" inasemwa na mtu mmoja tu. Jumapili mume anapenda ibada ya kwanza ili saa nne awe kijiweni. Mke anapenda ya pili, maana kwaya yake huimba huko. Kwa hiyo wanandoa wanaompenda Mungu mmoja na kupendana wanaweza kumaliza miezi miwili hawajaketi benchi moja kanisani, na jirani akadhani wana ugomvi.

Desemba inafanya yote haya kuwa mazito zaidi. Tangu mwanzo wa mwezi, abiria wanaoshuka kwenye mabasi ni wengi na wana mizigo. Anayekwenda Soni au Lushoto anateremkia Mombo, anayekwenda vijiji vya ndani anahitaji bodaboda, na mwenye masanduku mawili na kuku hajadili sana nauli. Siku kumi za mwisho kabla ya sikukuu dereva anaweza kupata hela ambayo Februari hataiona kwa mwezi mzima. Kwa mke ni vivyo hivyo. Kila mzazi anataka nguo mpya ya mtoto, na hata anayenunua ya mtumba anataka ipunguzwe kiuno. Sare za kwaya nazo zinataka kushonwa. Mafundi cherehani wana sifa mbaya kwa ahadi, kila mtu anajua, lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini. Mteja huleta kitambaa tarehe 22 na kutaka gauni tarehe 24, na fundi mwenye deni hawezi kusema hapana.

Katikati ya hayo simu inaita. Ni mama mkwe, kutoka Handeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo mama, anakusalimia."

"Basi nashukuru sana kwa kukubali. Padri nimeshamwambia, atabatizwa siku ya Krismasi. Mwakani sijui kama nitakuwepo."

Mke anabaki na simu mkononi. Hajakubali lolote, hakuulizwa. Mume alimwahidi mama yake wiki mbili nyuma, akanyamaza, akitumaini siku nzuri ya kusema itajileta yenyewe. Na daftari la mke tayari lina magauni kumi na manne ya kukabidhi tarehe 24.

Upande wa Bumbuli hakuna anayesema kitu waziwazi. Ila wiki hiyohiyo unafika mfuko kwa gari la Lushoto: viazi, kabichi, na chini kabisa sweta ya mtoto, imefumwa kwa mkono. Mazinde mwezi wa Desemba ni joto, mtoto analazwa na kaptula tu. Sweta hiyo si ya Mazinde. Mama mzazi wa mke ameuliza swali lake bila kufungua mdomo: mnakuja lini?

Hapa lawama ni ya mume, na isifunikwe kwa maneno matamu. Kumpenda mama yake si kosa, na kutaka mtoto abatizwe bibi akiwa hai ni jambo la heshima. Kosa ni kutoa tarehe ambayo nusu yake ni ya mtu mwingine. Mke naye akijibu kwa kununa siku tatu, akashona hadi usiku wa manane bila kusema neno, anampa mume nafasi ya kujiona ndiye anayeonewa. Ugomvi wa namna hii ukivuka Jumapili moja, unafika kwa wifi, unafika kwenye kwaya, na ukirudi nyumbani una maneno ambayo hakuna kati yao aliyeyasema.

Suala lenyewe la ubatizo, likitazamwa kwa utulivu, ni jepesi kuliko linavyoonekana. Waanglikana na Walutheri wote wanabatiza watoto wachanga, kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kila upande unautambua ubatizo wa mwenzake. Makanisa yote mawili ni wanachama wa Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Mtoto akibatizwa Kideleko hatabatizwa upya Bumbuli, na akibatizwa Bumbuli padri wa Kideleko hatamwona mpagani. Kilicho kizito ni vitu vingine: nani atamshika mtoto, nani watakuwa wasimamizi wake, na jina lake litaandikwa kwenye daftari la kanisa gani. Hilo la mwisho si dogo. Cheti cha ubatizo kitaulizwa siku ya kipaimara na siku ya ndoa, na mzazi aliyewahi kusafiri hadi kijiji cha mbali kutafuta ukurasa wa mwaka fulani katika daftari lililoliwa na mchwa anajua maana yake. Kuna sababu nzuri ya kumbatiza mtoto mahali ambapo wazazi wenyewe wanaishi na kusali.

Desturi nyingi husema mke afuate kanisa la mume, na wengi wamefuata bila shida. Lakini wanandoa wanaoishi mbali na kwao pande zote mbili wana uhuru ambao wazee wao hawakuwa nao. Wanaweza kwenda pamoja kwa mchungaji wa hapo wanaposali, wakamweleza mambo yote, na jibu lake ndilo likapelekwa Handeni na Bumbuli. Bibi anayegombana na mkwewe mara nyingi hagombani na mchungaji.

Halafu kuna hela ya kikoba. Mke ni mwanachama wa kikundi cha akina mama ambacho hukutana kila Jumamosi, hununua hisa, hukopeshana, na Desemba huvunja kikoba na kugawana. Ni hela yake, ametoa hisa hizo kwenye pindo na vifungo vya mwaka mzima. Siku ya kugawana inapofika, hela hiyo ina wachumba watatu. Mume anaona ikimalizia mkataba wa pikipiki, ili Januari waanze bila kupeleka elfu kumi kwa mtu. Mke anaota mashine ya ovaloki, maana sasa nguo zote zinazotaka kufungwa nyuzi anazipeleka kwa fundi wa Mombo na faida inabaki huko. Sikukuu nayo inataka nauli, mchele, nyama, zawadi za wakwe wa pande mbili na sadaka ya Krismasi isiyotia aibu.

Wakiamua kumaliza mkataba wa pikipiki, kuna swali ambalo vijana wengi huona haya kuliuliza: kadi itaandikwa jina la nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inatambua mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hiyo. Huyu wa Mazinde ametoa kazi za nyumbani na hisa za kikoba juu yake. Sheria hiyo lakini huitwa ndoa inapovunjika. Desemba, wakiwa bado wanakula sahani moja, wanaweza kuandika kwenye daftari la nyumbani ni kiasi gani kimetoka kikoba na kiasi gani kwenye pikipiki, wote wakasaini. Wapo watakaosema hiyo si imani. Watu haohao kanisani wanataka mhasibu asome mapato na matumizi mbele ya waumini, na hakuna anayesema mhasibu hana imani.

Siku yenyewe ya Krismasi inataka ratiba. Kuna dereva anayesema hataki kusikia habari za kazi tarehe 25, na huyo ana haki yake. Mwingine ana deni, na kumwambia afunge kazi siku hiyo ni rahisi kwa mwenye mshahara. Wachungaji wa Bethlehemu walipata habari wakiwa zamu ya usiku, na walikwenda horini wakitoka kazini. Mume anaweza kwenda ibada ya asubuhi na mke na mtoto, benchi moja kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, wakala pamoja mchana, kisha akaingia barabarani saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Asichotakiwa kufanya ni kukesha kijiweni usiku wa tarehe 24 halafu asubuhi apakie familia na usingizi machoni.

Usalama wa barabarani nao unataka maneno machache. Sikukuu ndiyo msimu wa mshikaki, watoto watatu wamepangwa nyuma ya dereva na nguo zao mpya, mmoja amekaa juu ya tanki. Barabara ya Mazinde ni ileile ya mabasi ya Arusha. Mtoto mchanga aliyebanwa katikati ya baba na mama kwenye pikipiki hana kofia, hana mkanda, na gauni la mama likiingia kwenye gurudumu hakuna wa kumdaka. Kwa safari ya Bumbuli au ya Handeni, wapande basi. Dereva wa bodaboda anayeipandisha familia yake basi hajajishusha hadhi.

Mke naye anahitaji kufunga daftari. Tarehe 15 ni siku nzuri: kitambaa kitakacholetwa baada ya hapo ni cha Mwaka Mpya, na mteja aambiwe hivyo usoni. Atapoteza wateja wawili watatu. Walioachwa na magauni yao mikononi kwa wakati watarudi Pasaka.

Chakula cha sikukuu kina sura ya bonde hili. Mazinde ilikuwa makao ya Semboja, mtawala wa Kikilindi wa karne ya 19, kwenye njia ya misafara ya biashara ya pwani, na Uislamu ulipanda kwa njia hizohizo. Leo Mkristo wa hapa ana Mwislamu ukutani, na mara nyingi ana Mwislamu ndani ya ukoo. Ndiyo maana mbuzi au kuku wa Krismasi huchinjwa na jirani Mwislamu, ili kila atakayekaribishwa ale bila wasiwasi. Mama mwenye nyumba hupika pilau, husambaza sahani zimefunikwa kwa kitambaa, na sahani hizo hazirudi tupu. Sikukuu ya Idi inapofika, mwelekeo wa sahani hugeuka. Wanandoa vijana wanaohamia Mazinde kutoka mahali ambako majirani wote ni wa dini moja hujifunza jambo hili mwaka wa kwanza, kwa kawaida baada ya kuchinja wenyewe na kushangaa kwa nini nyama imebaki.

Januari inakuja haraka mno. Elimu ya shule za serikali haina ada tangu 2016 kwa msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini sare, viatu, madaftari, begi na godoro la bweni havikufutwa. Mtoto wa miezi minane hadaiwi madaftari. Mdogo wake mume ndiye kachaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na nyumbani Handeni kila mtu anajua kwamba kaka ana pikipiki. Bahasha ya Januari itengwe siku ileile ya kuvunja kikoba, kabla mchele haujanunuliwa, na wote wawili wajue ina nini. Ikiachwa hadi tarehe 27 itakuwa imeshaliwa, na hakuna atakayekumbuka ililiwa na nani.

Na lile la bibi wa Handeni? Kauli ya "mwakani sijui kama nitakuwepo" wazazi wa Kiafrika huitumia sana, lakini kuna mwaka ambao huwa kweli. Haifai kupuuzwa. Mume ndiye anayepaswa kupiga simu, mke akiwa pembeni, aombe radhi kwa kuahidi peke yake, na ampe mama tarehe nyingine ambayo wameikubali wawili: Jumapili ya Januari, baada ya Epifania, hapa Mazinde, magari yakiwa na nafasi na fundi akiwa hana magauni ya watu mezani. Nauli ya bibi itoke kwao. Padri aliyekwisha kuambiwa aambiwe tena kwa heshima, na mume mwenyewe, si kupitia kwa mama. Kama mama ni mgonjwa kweli, mambo yanabadilika: magauni kumi na manne yagawiwe kwa mafundi wengine na familia iende Handeni, hata kama kadi ya pikipiki itasubiri mwezi mmoja zaidi.

Bibi wa Bumbuli atashuka na gari la asubuhi la siku hiyo ya Januari, na jambo la kwanza atakalolitafuta kwa macho ni sweta. Wamvishe mtoto, joto au si joto, kwa dakika kumi. Atalia, atavuliwa, na picha itakuwa imeshapigwa.